Shemeji Hasikii Habari za Breki

Hamjambo wanangu. Nimesikia kwamba yule binti aliyekaa mahali pangu pale gereji anawasomea wateja namba zilizotoka kwenye kompyuta, halafu ananyamaza na kuwatazama. Mteja naye anamtazama yeye. Wanatazamana hivyo mpaka mmoja apige chafya. Msichana mzuri, ana adabu, shikamoo yake haikosi, lakini jamani, mteja hakuja gereji kusomewa namba. Amekuja kuuliza jambo moja tu: hili gari nipande au nisipande?

Basi nikasema wacha niwaandikie nyinyi mnaoingia kazi hii. Mimi nimestaafu, niko zangu Msambweni nafuga kuku na kuwagombeza, na kuku hawana haja ya kuelezwa habari za breki. Mdomo unaniwasha.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuwa fundi. Watu wakisikia nimefanya kazi gereji Ukunda tangu ujana wangu, hufikiri nilikuwa nikilala chini ya magari. La hasha. Nilikuwa mpokezi. Gari linaingia, napokea ufunguo, nasikiliza malalamiko. Fundi analipeleka juu ya shimo, anashuka chini yake na taa, anagonga hapa, anatikisa pale, kisha anapanda kuniambia alichokiona. Mimi ndiye ninayekwenda kwa mteja pale kwenye benchi kumweleza. Wenzangu wakanibandika jina, Msemaji wa Shimo. Mwanzoni nilikasirika, halafu nikaona linanikaa vizuri kuliko jina alilonipa baba.

Fundi wetu mkubwa alikuwa Fundi Kassim, mtu wa Kinondo, mrefu, mpole, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni na kofia nyeupe kichwani isiyoshika hata doa moja. Sijui alifanyaje. Yeye ndiye aliyenifundisha magari, na alinifundishia kule chini. Mteja akija na tatizo nisilolijua, aliniita, "Mwanasiti, kunja buibui hilo, shuka uje ushike." Nashuka. Nashika mpira uliopasuka, nashika bearingi inayocheza, nanusa mafuta yaliyoungua. Alikuwa hakubali niende kumwambia mtu habari ya kitu ambacho mkono wangu haujakigusa. Na nyinyi mshuke. Siku hizi mna glavu, visingizio vimekwisha.

Lakini yeye mwenyewe kusema, aka, hakuweza kabisa. Sisi watu wa pwani mnatujua. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema njema, hata kama nyumba imeungua jana. Habari za watoto, njema. Habari za kazi, njema. Ukishamaliza zote hizo ndipo unasema, "Ila nyumba imeungua." Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo na wala siisemi vibaya. Fundi Kassim aliyaeleza magari hivyo hivyo. "Fundi, habari za gari?" "Njema, alhamdulillahi. Injini njema. Gia njema. Taa njema." Mteja wa kwetu atakaa kimya atulie, anajua "ila" iko njiani inakuja. Lakini hawa vijana wa bara waliokuja kufanya kazi za hoteli, mmoja akisikia njema ya kwanza tu, "Poa fundi, wacha nikimbie," na yuko nje ya lango. Fundi anabaki na "ila" yake mdomoni.

Siku moja meneja mmoja wa hoteli ya Diani aliondoka hivyo na klachi iliyokwisha. Fundi Kassim akatoka mbio mpaka barabarani, spana mkononi, anapiga kelele, "Ila! Ila!" Yule bwana akamwona kwenye kioo, mtu mrefu mwenye chuma anakuja mbio, akakanyaga mafuta. Alidhani anafukuzwa. Tulimpata kwa simu yuko Galu, anahema, anauliza amekosa nini. Wallahi tulicheka mpaka mwenye gereji akatoka ofisini kuja kuona kuna nini, na papo hapo akaamua kwamba kusema niachiwe mimi.

Basi nikajifunza kusema. Baya nalitanguliza. Nasalimia sawasawa, siruki salamu, lakini salamu ikiisha sitii njema yoyote mbele ya baya. "Bwana, gari lako usiondoke nalo," nasema hivyo kwanza, halafu ndipo naeleza kwa nini. Maana mtu akishasikia injini yake ni nzuri, masikio yanafunga duka. Hilo la kutoondoka ni aina moja ya habari. Ya pili ni "nenda, lakini urudi." Ya tatu ni "nakujulisha tu." Msizichanganye. Nimeona vijana wanamwambia mtu wiper imechakaa, taa ya ndani haiwaki, usukani unalegea, kwa sauti ile ile moja, na mteja anachagua kutengeneza taa ya ndani kwa sababu hiyo anaielewa.

Na huo urudi lini? Msimpe mtu kilomita. Mtu wa Msambweni mwambie kabla ya Ramadhani. Dereva wa hoteli mwambie kabla wageni hawajajaa. Mwenye tuktuk mwambie kabla ya mvua za masika, atakuja mapema, anajua barabara zetu zinavyokuwa.

Asilimia nazo mziache. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa mbuzi kutoka Kinango na pikapu yake, nikajitia mjuzi, nikamwambia pedi zake za breki zimebaki asilimia ndogo sana. Akafurahi. "Kumbe zipo! Zikiisha nitakuja." Kama sabuni. Nikaenda kwa Fundi Kassim nikachukua pedi yake aliyoivua na nyingine mpya, nikamwambia fumba macho, nikamtia moja kila mkono. Hata sikumwuliza. Alifumbua macho akaitazama ile nyembamba, akaigeuza, akasema kama anayepima mbuzi, "Huyu hafiki mnadani." Tangu siku hiyo watu wa mifugo wakija nawaambia hivyo hivyo, huyu anafika, huyu hafiki, na tunaelewana bila kuchoka.

Siku hizi mna picha za simu, jambo zuri sana, ningekuwa nazo tangu zamani ningenenepa. Lakini picha ya chini ya gari kwa mtu asiyejua ni uji mtupu. Mchoreeni duara, mwandikieni hiki ni nini na kilitakiwa kiweje. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilimtumia mama mmoja wa Galu picha ya tairi lake lililovimba ubavuni, akanijibu, "Mashallah." Alidhani tumemwekea jipya.

Sasa haya yote niliyowaambia, kutanguliza baya, kumshikisha mtu kitu, kuongea kwa kalenda yake, niliyajua vizuri sana siku alipokuja Omari. Na hayakunifaa kitu hata kimoja. Ndiyo maana nataka mlisikie la Omari.

Omari ni mume wa dada yangu Zainabu. Yaani ni shemeji yangu, na nyinyi wa siku hizi sijui kama mnajua shemeji ni nini. Mimi na Omari tulikuwa watani wa kufa na kuzikana. Aliniita mke mdogo mbele za watu. Mimi nilimwita hasara ya ukoo. Akija nyumbani ananipora mnofu kwenye sahani yangu, nami namfichia viatu mpaka arudi kwake na makubazi ya dada. Siku moja nimelala na malaria, naungua kama jiko, akasimama mlangoni akauliza kwa sauti kama pilau la msiba litakuwa la nyama ya ng'ombe au la mbuzi, ili ajue mapema. Nilicheka mpaka homa ikapungua. Hiyo ndiyo raha ya ushemeji, na sijaona raha kama hiyo mahali pengine.

Kazi yake Omari ilikuwa samaki. Alikuwa na van, alfajiri anapakia samaki Msambweni kwenye masanduku yenye barafu, anapeleka kwenye hoteli za Diani. Siku za harusi na mapumziko anatoa masanduku, anaosha, anarudisha viti, anafukiza udi, anapakia watu. Ukipanda unasikia udi juu na samaki changu chini, lakini tulizoea.

Siku yenyewe ilikuwa ya harusi ya binamu yetu Kwale mjini. Mimi niliomba ruhusa ya adhuhuri. Mpango ulikuwa Omari atuchukue Ukunda, mimi, Mama, Zainabu na watoto wao, na mashangazi wengine wanaojaza viti wawili kwa kimoja, tupande Kombani, tupite Golini, tufike juu Kwale kabla ya watu kukaa kula. Mama na Zainabu walikuwa tayari sokoni Ukunda wananunua leso za kumtunza biharusi. Omari akaja gereji kutia upepo magurudumu. Amevaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi ikasimama, na kofia ya viua. Nikamwambia umependeza, leo utaolewa wewe. Akasema nina wivu.

Pale kwetu palikuwa na desturi ya Fundi Kassim: gari lolote la kubeba watu likiingia kwetu, linapita shimoni, hata kama mwenyewe alikuja kutia upepo tu. Basi Fundi akashuka na taa yake. Hakukaa. Akaniita, "Mwanasiti, shuka." Sauti ile si ya kawaida yake. Nikashuka.

Akanimulikia. Kuna paipu nyembamba ya chuma inayopita chini ya gari kutoka mbele mpaka nyuma, inapeleka mafuta ya breki magurudumuni. Ukikanyaga breki, nguvu inapita humo. Hewa ya bahari peke yake inaila kwa kutu, kila gari la Diani linajua. Lakini gari la Omari lilikuwa linanyweshwa maji ya barafu na samaki kila alfajiri, yanapita kwenye matundu ya sakafu, yanadondokea paipu ile, mahali pale pale. Ilikuwa imevimba kama chapati iliyotiwa hamira, rangi ya kahawia, inamwaga maganda. Nikaigusa kwa ncha ya kidole na kuondoa kidole upesi, niliogopa nitaimaliza mimi.

"Breki zinashika?" nikamwuliza Fundi.

"Zinashika. Leo zinashika." Akazima taa. "Atakapokanyaga kwa nguvu kweli, hapa patapasuka."

Nikaufikiria mteremko wa Golini jioni, tunarudi, van imejaa, watoto wa dada wamelala kwenye mapaja ya Mama.

Nikapanda juu, nikaenda kwake kwenye benchi, nikasema kama nilivyojifunza. Nikatanguliza baya. "Omari, gari hili usiondoke nalo. Paipu ya breki imeoza. Itapasuka."

Akanitazama. Halafu akacheka. "Mke mdogo! Yaani unataka nisifike harusini, watu wasinione nilivyopendeza?"

"Sikutanii, Omari."

"Hunitanii!" Akawageukia mafundi. "Mnamsikia? Lini huyu alisema asinitanie?"

Nikamwambia twende shimoni ukaione. Akashika kanzu yake kwa mikono miwili kama bibi anayevuka tope. "Nishuke huko na hii? Ndiyo njama yako, unataka nipake grisi nionekane mchuuzi wa mkaa." Mafundi wadogo wakacheka, wapumbavu wale. Nikamwita Fundi Kassim, nikamwambia, Fundi, leo sema wewe, tafadhali. Naye masikini akaja, akafuta mikono, akasalimia, akauliza habari za wazazi, akaanza, "Bwana Omari, injini njema, alhamdulillahi..."

"Umesikia?" Omari akaruka. "Njema! Fundi mwenyewe kasema!" Na kicheko chake kikaifunika "ila" ya watu ikafia pale pale.

Nikampigia dada. Zainabu alipopokea, Omari akanipokonya simu, akamwambia, "Mdogo wako leo ameniambia gari langu limeoza, eti nisiende." Nikasikia dada anacheka kule sokoni. Msimlaumu. Wiki ile ile nilikuwa nimempigia nikamwambia Omari ameoa mke wa pili Lungalunga, akalia nusu saa kabla sijamwambia ukweli.

Nikachukua ufunguo wa van, nikaufunga kwenye ncha ya leso yangu. Ala! Ndiyo kwanza nimemwaga petroli. Akapiga magoti, akaanza kuniimbia kama anavyomwimbia mtoto, anaomba ufunguo. Kila nilichofanya kilikuwa utani. Nikinyamaza, utani. Nikifoka, utani zaidi. Mwisho nikalia, wanangu. Nililia kweli, kamasi na yote, maana nilikuwa namwona mtu ninayempenda anacheka na kifo na mimi nimeziba mlango wa kumwambia kwa mikono yangu, miaka yote ile ya kufichana viatu. Na yeye akanitazama akaguna kwa kusifu. "Haa, leo mke mdogo umezidi. Hata machozi unayo ya kukodi?"

Ufunguo alikuwa nao wa pili. Akautoa mfukoni, akanitikisia puani, akaingia garini. "Twende, Mama anangoja," akasema.

Aliposema Mama ndipo akili ilinijia. Nikasimama mbele ya gari na mikono nimeitandaza, yeye akawa ananipigia honi kwa mdundo wa ngoma, na mimi huku napiga simu. Safari hii nikampigia Mama mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, chukua tuktuk uje gereji sasa hivi." Mama hakuuliza. Soko la Ukunda na gereji yetu si mbali.

Ngoja niwaeleze ukwe, kama mmelelewa mjini. Shemeji unamtania, lakini mamamkwe humtanii, humkatizi, na humjibu ila kwa taratibu. Omari, yule mwenye mdomo kama zumari, alikuwa hali chakula mbele ya Mama. Mama akiingia chumbani, yeye anatafuta sababu ya kutoka. Akimsalimia anamsalimia miguu, si uso. Na Mama naye alimweka hivyo hivyo kwa heshima, hakuwahi kumtaja jina. Alimwita baba.

Tuktuk ikafika. Mama akashuka polepole na mfuko wake wa leso, Zainabu nyuma yake. Nikamkimbilia nikamnong'oneza. "Mama, paipu ya breki imeoza kwa maji ya samaki. Shemeji haniamini."

"Paipu ndiyo kitu gani?"

"Ndiyo inayopeleka breki."

"Na ikipasuka?"

"Breki hakuna."

"Tukiwa wapi?"

"Popote, Mama. Hata Golini tunashuka."

Akayatazama yale macho yangu mekundu. Kisha akanikabidhi mfuko, akasogea mpaka ubavuni mwa van. Honi ilikuwa imekatika zamani. Omari ameshuka, amesimama wima, mikono ameifumbata mbele, macho kwenye vidole vya miguu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, Mama."

"Mwanasiti ananiambia iko paipu. Mimi sijui paipu ni nini. Shuka unionyeshe."

Hakusema zaidi ya hapo. Fundi Kassim akataka kumpa ovaroli, lakini Omari alikuwa keshaanza kushuka ngazi za shimo na kanzu yake nyeupe. Angewezaje kumwambia mkwe ngoja? Mama akasimama ukingoni, buibui amelikusanya, akiangalia gizani kule chini. Taa ikamulika.

"Ipo?" Mama akauliza.

"Ipo, Mama. Ni hii."

"Ikoje?"

Taa ikasogea karibu na paipu. "Imevimba, Mama."

"Iguse."

Tukasikia maganda yanadondoka kwenye sakafu ya shimo. "Inamomonyoka," akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. Na mimi nikaona jambo ambalo sijalisahau: matokeo yale yale niliyoyasema mimi kwa ustadi wangu wote, sasa anayasema yeye, kwa mdomo wake, na ni mdomo wake tu aliokuwa anauamini.

Akapanda juu. Mgongo wa kanzu umepata mstari wa grisi kutoka shingoni mpaka kiunoni, mikononi maganda ya kutu. Mama hakuitazama kanzu.

"Lakini breki zinashika, baba?"

"Zinashika, Mama."

"Basi kaa uzikanyage nizione. Zikanyage kama mtoto amekatiza mbele yako."

Fundi Kassim akatia mawe kwenye magurudumu, akaturudisha nyuma sote. Omari akaingia, akawasha, akakanyaga. Breki zikashika. Nikamwona anainua macho kidogo, kama anataka kunitazama mimi aanze tena. Mama akasema, "Mtoto ni wako, baba. Kanyaga."

Akakanyaga kwa mguu wote. Pakasikika pu! kule chini, si kubwa, kama mtu amepasua mfuko wa maziwa, na pedeli ikazama mpaka sakafuni pamoja na mguu wake. Mafuta ya breki yakaanza kudondoka shimoni. Zainabu alikaa chini pale pale kwenye changarawe na nguo zake za harusi. Mimi nikamshika Fundi Kassim mkono na grisi yake yote.

Omari aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Alipoinua kichwa hakumtazama Mama, hawezi, wala hakumtazama mkewe. Alinitazama mimi, akasema, "Mwanasiti." Katika miaka yote ya ushemeji wetu hajawahi kuniita jina langu. Mimi nilitaka kumwambia nilikuambia, nilikuambia, hasara ya ukoo wee, na badala yake nikaanza kulia tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Haya, harusi haitatungoja. Mwanasiti, tutafutie gari jingine. Na wewe baba, kanzu hiyo usiende nayo mbele za watu."

Tulifika Kwale wali umeshapoa, na tuliula wote tukaumaliza. Omari alibaki gereji na Fundi Kassim mpaka paipu zote zikabadilishwa, na sakafu ikazibwa matundu. Tangu hapo akawa anatandika turubai chini ya masanduku yake.

Basi hilo ndilo nililotaka mlijue. Kabla hujafungua mdomo kumweleza mtu habari za gari lake, jiulize yeye anakusikia wewe kama nani. Ukiwa mtani wake, mtafute asiye mtani. Ukiwa mdogo mno machoni pake, mwite mkubwa wako. Ukiwa umemdanganya jana kwa mzaha, leo usimlaumu. Na ukiweza, mshushe shimoni, aguse, aseme mwenyewe. Ukweli wa gari haupungui kwa kusemwa na mwingine, na wewe hutalipwa zaidi kwa kuusema wewe.

Mimi na Omari hatukuacha utani, Mungu apishe mbali. Ila tuliuwekea mpaka. Akifika langoni mwa gereji alikuwa anasema, "Nimeuacha nje," kisha ananisalimia kama mtu na dada yake wa heshima. Tukitoka nje ya lango, mke mdogo na hasara ya ukoo.

Mama alitutangulia, Mungu amrehemu. Mwezi uliopita, Ijumaa, Omari alinipitia hapa nyumbani baada ya swala, na kanzu yake, kichwa kimejaa mvi. Alitaka kunipeleka Diani kwa daktari wa macho. Akaanza utani kabla hajazima injini, eti nimezeeka mpaka kuku wananiita bibi. Mimi nikalizunguka gari kama ninavyofanya daima, siwezi kuacha. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani. Nikainama nikalitazama, na sijui ilikuwaje, Zainabu husema sauti yangu siku hizi imekuwa ya Mama mtupu, na siku ile nikaisikia mwenyewe.

Nikamwambia, "Baba, iko tairi hapa. Njoo unionyeshe."

Utani ukamkatika katikati ya neno. Akashuka garini bila kuniinulia macho, akapiga magoti kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe, akapitisha mkono ndani ya tairi.

"Limekwisha, Mama," akasema.